Ndoo, sufuria na kiberiti: Akiba ya siku ya maafa ni mali ya nani?

KATIKA Qur'an Tukufu ipo sura ya aya saba ambayo wengi wetu tuliihifadhi tukiwa chuoni, na ambayo maimamu huisoma mara kwa mara kwa ufupi wake. Ni sura ya 107, Al-Maa'un. Sura hii inamtaja mtu anayekadhibisha dini, na katika kumtambulisha haisemi kuwa ni mlevi au mwabudu masanamu. Inamtambulisha kuwa ni yule anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa masikini. Kisha inawaonya wanaoswali huku wakizipuuza swala zao na kutaka waonekane na watu. Mwisho inataja jambo ambalo msomaji wa haraka haraka anaweza kuliona dogo, kwamba watu hao huzuia maa'un.

Maa'un ni nini? Wafasiri wametofautiana. Wapo waliosema kuwa ni zaka, na rai hii imenasibishwa na Sayyidna Ali (RA). Lakini imepokewa kwa Abdullah bin Mas'ud (RA) kuwa ni vile vitu ambavyo watu huazimana wao kwa wao: sufuria, ndoo, shoka na mfano wa hivyo. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, aliziunganisha rai hizo mbili akasema kuwa cha juu kabisa katika maa'un ni zaka ya mali, na cha chini kabisa ni chekeche, ndoo na sindano.

Hebu tuzingatie, ndugu msomaji. Sindano! Sura nzima katika Kitabu cha Allah (SW) imepewa jina ambalo ndani yake imo ndoo ya kutekea maji na sindano ya kushonea nguo, na mwenye kuvizuia vitu hivyo ametajwa pamoja na anayemsukuma yatima. Katika siku za kawaida, kumnyima jirani ndoo ni ubahili tu wa mtu mmoja. Lakini iko siku ambayo ndoo hiyo huwa ndiyo mpaka baina ya uhai na mauti. Siku hiyo ni siku ya maafa.

Mafuriko ya mwaka 2024

Mwezi Aprili 2024, katika msimu uliokuwa umetanguliwa na mvua za El Nino, Mto Rufiji ulifurika na kuzikumba wilaya za Rufiji na Kibiti mkoani Pwani. Maji yaliingia majumbani na mashambani, na familia zikalazimika kuhama kutafuta hifadhi kwenye miinuko. Tarehe 25 Aprili, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuwaathiri watu zaidi ya 200,000. Kabla ya watu kupumua, tarehe 4 Mei ukaja upepo wa Kimbunga Hidaya uliopiga pwani yetu upande wa Mafia. Mvua iliyoambatana nacho iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa, ikiwemo Somanga, na abiria wakakwama njiani.

Ulikuwepo mjadala mkubwa juu ya nani alaumiwe, na maji ya bwawa la Julius Nyerere yakazungumzwa sana bungeni, mitaani na vijiweni. Mjadala ule una mahala pake, na haki za waathirika ni jambo la kufuatiliwa. Lakini lipo swali jingine lililo karibu zaidi na mlango wa kila mmoja wetu, na hilo halisubiri tume wala bajeti.

Tuchukue mfano. Tuseme ipo nyumba katika kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti, ambayo maji hayakuifikia. Ndani yake wamo baba, mama na watoto wanne. Wana dumu kadhaa za maji safi, unga, chumvi, kiberiti kikavu na vyandarua viwili. Usiku wanabisha hodi mama mmoja na watoto watatu waliotoka vijiji vya bondeni, nguo zimelowa, hawana hata kikombe. Barabara imekatika. Msaada hautafika leo wala kesho.

Maswali ni haya: Je, yule baba alikosea kuweka akiba, kwa kuwa mwenye tawakkul hupaswa kumuachia Mungu kesho yake? Na kama hakukosea, akiba ile sasa ni ya nani? Ni ya kwake na wanawe, au mgeni ana haki ndani yake? Na ikiwa mgeni ana haki, haki hiyo inaishia wapi?

Tawakkul si kukaa mikono mitupu

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa kujiandaa na maafa ni upungufu wa imani. Utasikia mtu anasema, "Mungu ndiye mpangaji, ya nini kujaza madumu?" Kauli hii inasikika kama ya uchamungu, lakini hailingani na mafundisho ya Mtume (SAW). Bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amuache na kumtegemea Mungu, alielekezwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Sayyidna Umar (RA) alipoghairi kuingia Sham kwa sababu ya tauni, na akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Allah na kwenda katika kadari ya Allah. Yaani ugonjwa ni kadari, na kujikinga nao pia ni kadari.

Nabii Yusuf (AS) alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakusema tu kuwa njaa inakuja, watu waombe dua. Aliwapa mpango wa miaka saba ya kulima kwa juhudi, nafaka iachwe katika mashuke yake isiharibike, na kiliwe kidogo tu. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Mtume wetu (SAW) alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Ni nani mwenye tawakkul kumshinda yeye?

Wazee wa Rufiji nao walilijua hili kabla ya semina za maafa. Kwao mto haukuwa adui. Walilima mpunga wakitegemea maji ya mto, na maji yalipoondoka walipanda mazao ya mlao kwenye unyevu ulioachwa nyuma. Lakini hawakulala chini bondeni wakasema Mungu atajua. Walijenga madungu, yale makazi yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ili mtu alinde shamba lake na awe juu ya maji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bonde kwenye vijiji vya ujamaa vilivyokuwa miinukoni. Watu walihama, lakini hekima ya dungu haikupaswa kuhama, nayo ni kuwa anayeishi karibu na maji huweka vyake juu kabla maji hayajaja.

Vitu gani hasa?

Maafa ya mafuriko yana ajabu yake. Maji yamejaa mpaka dirishani, na mtu hana ya kunywa. Visima vimeingiliwa, vyoo vimefurika, na kilichokuwa shimoni kimeelea juu. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019, upepo na mafuriko viliua mamia ya watu. Baada yake kikaja kipindupindu, maelfu wakaugua, na ikabidi mamia kwa maelfu ya watu wapewe chanjo. Ndiyo maana kitu cha kwanza katika akiba ni maji na njia ya kuyasafisha: madumu yenye vifuniko, ndoo yenye koki ili mikono isichovywe ndani, na dawa ya kutibu maji inayotumiwa kwa kufuata maelekezo ya pakiti yake. Asiye na dawa achemshe.

Cha pili ni chumvi na sukari. Mtoto anayeharisha hupoteza maji mwilini kwa haraka, na pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini zinapokosekana, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi vinaweza kumvusha mpaka afikishwe kwa mganga. Kila mama wa Kiislamu angepaswa kuvijua vipimo hivi kama anavyoijua Fatiha, na kila baba vilevile.

Kisha vifuate vitu vyepesi: kiberiti kilichofungwa ndani ya chupa ya plastiki, tochi na betri zake, redio ndogo, sabuni, chandarua, kisu, kamba, turubai, sufuria moja kubwa yenye kifuniko, uzi na sindano. Chakula kiwe kile kisichomaliza kuni, kama unga, dagaa wakavu, karanga na tende. Wenye maradhi ya sukari au shinikizo la damu wawe na dawa za ziada. Vyeti, kadi za kliniki na vitambulisho vifungwe pamoja ndani ya mfuko usiopenya maji.

Zisisahaulike kanga. Katika siku ya maafa kanga hubeba mtoto, huwa shuka, huwa pazia la kumsitiri mama anayejifungua, huwa hijabu ya aliyetoka usiku bila ya kuwahi kujifunika. Mahitaji ya wanawake katika siku zao za hedhi nayo yawekwe, kwani ni mambo ambayo wanaume tunaopanga misaada huyasahau kwa kuona haya, ilhali haya inayomuacha dada yako akidhalilika mbele za watu si haya ya dini. Na misikiti iwe na sanda, kwa sababu maafa huua, na maiti ana haki yake.

Msomaji ataona kuwa karibu vyote hivi ni vya bei ndogo, na vingi tayari vimo majumbani. Kasoro ni kwamba vimetawanyika. Kiberiti kiko jikoni, tochi haina betri, dumu limejaa mafuta ya taa. Usiku maji yanapoingia hakuna muda wa kutafuta.

Siku tatu na mgeni juu

Wataalamu wa maafa duniani hushauri kila nyumba iwe na mahitaji ya siku tatu, kwa kuwa msaada kutoka nje huweza kuchelewa kiasi hicho. Muislamu akiisikia hesabu hii ya siku tatu anapaswa kukumbuka siku tatu nyingine. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amefundisha kuwa haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka.

Basi hesabu yetu haiwezi kuwa sawa na ya mtu anayejifungia ndani na makopo yake. Yeye huhesabu watu waliomo nyumbani. Sisi tunahesabu waliomo nyumbani na mgeni juu. Turudi Mtawanya. Watu sita, kila mmoja lita tatu za kunywa kwa siku, kwa siku tatu ni lita 54, yaani karibu madumu matatu ya lita 20. Akija mama na watoto wake watatu zinaongezeka lita 36, jumla lita 90. Hayo ni madumu matano. Tofauti baina ya nyumba inayofunga mlango na nyumba inayofungua ni madumu mawili ya maji.

Maadili haya yana bei, na bei yake hulipwa kabla ya maafa. Mtu hawi karimu siku ya mafuriko kwa kuhisi huruma tu. Huruma watu wengi wanayo. Anayeweza kuwa karimu siku hiyo ni yule aliyeujaza mgao wa mgeni siku jua lilipokuwa linawaka. Asiyekuwa na kitu, hata moyo wake ukiwa mweupe kiasi gani, atamtazama mtoto wa mwenzake akilia na hana la kumpa. Kwa maana hiyo, kujiandaa kwa ajili yako peke yako ni jambo la mubaha. Kujiandaa kwa nia ya jirani ni ibada.

Mpaka uko wapi?

Sasa lije swali gumu. Tuseme wageni si wanne bali ni kumi na wanne, na maji ni yaleyale. Je, yule baba awape wote mpaka wanawe wakose?

Dini yetu haikutuacha gizani hapa. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (RA) kuwa walipokuwa safarini Mtume (SAW) aliwaamrisha wenye kipando cha ziada wampe asiye na kipando, na wenye chakula cha ziada wampe asiye na chakula, akaendelea kutaja aina za mali mpaka Masahaba wakaona kuwa hakuna yeyote kati yao mwenye haki katika kilichomzidi. Angalia vizuri. Kinachozungumzwa ni ziada. Na wanazuoni wamesema kuwa mwenye kufikwa na dharura, anayehofia kufa kwa njaa au kiu, ana haki katika kile kilichomzidi mwenzake. Hiyo si hisani tena bali ni wajibu. Lakini mwenye mali naye akiwa katika dharura ileile, hawajibiki kutoa kile kinachookoa roho yake.

Juu ya daraja hilo ipo daraja ya ithar, ya kumtanguliza mwenzio juu ya nafsi yako, ambayo kwayo Answari wamesifiwa katika Sura ya Al-Hashri. Wengi wetu tunakijua kisa cha yule Answari na mkewe waliomkirimu mgeni wa Mtume (SAW) kwa chakula chao pekee, wakawalaza watoto na kuizima taa. Lakini Imamu Nawawi, alipokisherehesha kisa hiki, alieleza kuwa watoto wale hawakuwa na haja hasa ya chakula, bali walikuwa wakitaka kama watoto wanavyotaka. Wangekuwa na njaa ya kuwadhuru, kuwalisha kungekuwa ni wajibu na kungetangulia kumkirimu mgeni. Fundisho lililomo ni kubwa. Unaweza kujitolea fungu lako, lakini fungu la mtoto wako mchanga si lako kulitolea.

Hivyo basi daraja ni tatu. Kinachozidi haja, mpe mwenye dharura, ni haki yake. Kinachotosha haja yako wewe mwenyewe, ukikitoa umepanda daraja ya Answari. Kinachookoa roho ya mtoto wako kilinde. Na baina ya daraja hizo kuna mlango mpana ambao Mtume (SAW) ameufungua aliposema kwa maana kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Mara nyingi tunachokiita haja ni mazoea. Uji ukiongezwa maji, bado ni uji.

Hata katika ibada sharia imepanga hivyohivyo. Mwenye maji machache akachelea kiu, yake au ya mwenzake, hutayamamu na kuyabakisha maji ya kunywa. Wanazuoni wameingiza humo hata kiu ya mnyama. Tazama rehma ya dini hii. Udhu ni sharti la swala, na swala ni nguzo, lakini koo kavu la kiumbe limetangulizwa kupewa maji, na mja ameambiwa udongo unamtosha.

Na jirani anayezungumzwa si Muislamu peke yake. Sahaba Abdullah bin Amr (RA) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwa kukariri kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Maji ya Rufiji yanapopanda hayaulizi dini ya mtu, basi na dumu letu lisiulize.

Akiba na uhodhi

Itakumbukwa pia kuwa si kila kuweka ni akiba. Kuna kuhodhi, ambako Mtume (SAW) amekukemea na kumwita mwenye kufanya hivyo mkosaji. Mtu anayenunua katoni za maji na viberiti baada ya kusikia utabiri wa kimbunga, ili auze mara tatu barabara ikikatika, ameweka kitu kilekile alichoweka jirani yake, pengine kwa idadi ileile. Tofauti yao iko katika jibu la swali moja: kimewekwa kimsubiri nani? Akiba humsubiri mhitaji. Uhodhi humsubiri mhitaji pia, lakini ili umkamue.

Lipo tukio katika Sunna linaloweka wazi jambo hili. Mwaka mmoja Mtume (SAW) aliwakataza watu kuweka nyama ya udh-hiya zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata akawaruhusu, wale, watoe na waweke. Bibi Aisha (RA) ameeleza sababu, nayo ni kuwa mwaka ule wa kwanza walikuwa wamekuja Madina watu masikini kutoka mashambani, wakiwa na shida. Nyama ni ileile, nyumba ni zilezile. Ila mlangoni kuna watu wenye njaa, na hapo kuweka kunageuka kuwa kosa. Shida ilipoondoka, kuweka kukarudi kuwa ruhusa. Kwa maneno mengine, akiba ni halali kabla ya maafa na inakuwa deni maafa yanapofika.

Sisi wa mjini

Huenda msomaji wa Kariakoo, Magomeni au Mbagala akaona kuwa haya ni ya watu wa bondeni. Desemba 2011 maji ya Msimbazi yaliingia Jangwani na sehemu nyingine za Dar es Salaam, watu wakafa, wengine wakapanda juu ya mapaa, na baadaye familia nyingi zikapelekwa Mabwepande. Mji hauna kinga. Tena mwenye kuishi mjini hana shamba la mihogo nyuma ya nyumba, ananunua maji, ananunua mkaa, ananunua hata chumvi ya siku moja moja. Duka la Mangi likifungwa siku mbili, nyumba nyingi zitakuwa na njaa kabla ya zile za Mtawanya.

Jambo la pili linalotuhusu ni namna tunavyotoa. Kila yanapotokea maafa, misikiti yetu hutangaza mchango na watu hutoa, Allah awalipe. Lakini tuseme ukweli. Baadhi yetu huitumia nafasi hiyo kusafisha kabati. Hupelekwa viatu vya mguu mmoja, masweta yaliyochakaa na unga ulioingia wadudu. Qur'an imekataza tusikusudie kibaya katika mali tukakitoa, hali ya kuwa sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kipimo chepesi ni hiki: kitu ambacho usingekiweka katika akiba ya wanao kwa ajili ya usiku wa mafuriko, usikipeleke kwa watoto wa Kibiti.

Atasema msomaji, na wasio na uwezo je? Mama anayeuza maandazi apate kwistahi ya chakula cha mlo mmoja ataweka wapi akiba ya siku tatu? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kuwa akiba haikufaradhishwa iwe ya mtu mmoja mmoja. Mtume (SAW) aliwasifu Ash'ariyyina, kabila la Abu Musa (RA), ambao chakula kilipowapungukia vitani au Madina walikusanya walichonacho chote katika nguo moja, kisha wakagawana kwa chombo kimoja, sawa kwa sawa. Akasema kwa maana kuwa wao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Sifa kubwa kiasi hiki wameipata kwa kitambaa kimoja na kibaba kimoja.

Kitambaa hicho kwetu ni msikiti. Ni misikiti mingapi ina jeneza na zulia jipya, lakini haina ndoo kumi zenye vifuniko, madumu, matanuru mawili ya kupikia, turubai na boksi la dawa ya kutibu maji? Uthman bin Affan (RA) alikinunua kisima cha Ruma akakiweka kwa ajili ya Waislamu. Wakfu wa maji ni sunna ya zamani kuliko zulia. Chumba kimoja kidogo, daftari moja, mtu mwaminifu mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na kila Ijumaa ya mwanzo wa mwezi vitu vikaguliwe: kilichoisha muda kitolewe sadaka kabla hakijaharibika, kingine kiwekwe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Imamu na walimu wa madrasa wasingoje kuitwa kwenye kamati hizo, waende wakiwa na daftari lao mkononi.

Zipo sababu za kuamini kuwa jambo hili linawezekana, kwa sababu tayari tunalifanya katika misiba na harusi. Sufuria kubwa za mtaa zipo, vikundi vya akina mama vya kufa na kuzikana vipo, mabusati na mahema yapo. Kinachohitajika ni kuongeza nia moja juu ya zile zilizopo, na kuvipandisha vitu hivyo mahali palipoinuka.

Imepokewa kuwa katika mwaka wa 18 Hijria, Mwaka wa Ukame ulioitwa Ramada, Sayyidna Umar (RA) alijizuia kula samli na nyama mpaka watu wapate nafuu. Khalifa alitaka tumbo lake lijue yanayojuliwa na matumbo ya raia wake. Hatujafika huko, na wengi wetu hatutafika. Lakini madumu mawili zaidi ya maji tunaweza.

Kwa Kiswahili chetu, mtawanya ni mwenye kutawanya. Basi kila nyumba ya Muislamu, iwe Kibiti au Kariakoo, ijiulize siku ya maafa itakuwa ipi: yenye kuzuia maa'un au yenye kutawanya? Jibu haliandikwi usiku maji yanapobisha hodi. Linaandikwa leo, kwa dumu lililooshwa, likajazwa, na likawekwa nia kwamba hili ni la mgeni nisiyemjua jina lake.

Allah (SW) awarehemu waliotutangulia katika maafa yale, awape subira waliobaki, na atujaalie tuwe wenye kujiandaa na wenye kutoa. Wabillahi tawfiq.